Alama ya Tatu kwenye Ufito

Jumatatu, siku tatu baada ya Idi Ndogo, nilifiwa na mume wangu. Kijiji kilisema kimepoteza fundi. Mimi nilipoteza mume, na hata huo msiba sikuwa nao peke yangu: tulikaa eda wawili, mimi na mke mwenzangu.

Marehemu alikuwa ameombwa kupanga jengo la wote: chumba cha nesi anayekuja kutoka Palma, darasa la watu wazima, ukumbi wa mikutano na arusi, na jiko nyuma. Hakuchora kwenye karatasi. Vyumba alivichora ardhini kwa majivu, watu wakatembea ndani yake wakibishana mlango ukae wapi. Vimo alivikata kwa kisu kwenye ufito mmoja.

Tulipotoka eda, fundi aliyeachiwa kazi akatuletea ule ufito.

"Alama ya kwanza ni benchi, ya pili ubao wa darasani. Hii ya tatu, mama zangu?"

Mke mwenzangu akausimamisha ubavuni, akakunja mkono. Alama ikagusa kiwiko chake.

"Meza ya jiko. Alinipimia mimi, uani kwangu," akasema, akicheka huku machozi yanamtoka.

Mimi ni mfupi. Nilimpikia mwanamume yule tangu hajaota ndevu, na hakuna siku aliyonisimamisha kwenye ufito.

"Meza gani ya juu hivyo?" nikasema. "Hilo ni dirisha la dawa, kwa nesi."

Nilijua ni uongo. Fundi aliniamini kwa kuwa mimi ndiye mke mkubwa. Mwenzangu akamrudishia ufito wake.

Ijumaa nikapita kwenye jengo. Nafasi ya dirisha ilikuwa imeshaachwa ukutani, chini mno. Mgonjwa angeinama kama anayechungulia banda la kuku.

"Bomoa," nikamwambia fundi. "Ile alama ni ya meza."

"Na juzi, mama?"

"Juzi nilikuwa na wivu."

Hakucheka. Akachukua nyundo.

Arusi ya kwanza tulipika mle jikoni. Meza ilinifika kifuani. Mke mwenzangu akasukuma tofali kwa mguu mpaka mbele yangu.

"Panda, dada. Au unamngoja aje akubebe?"

Wanawake wakaangua kicheko. Sikupanda. Nilikata vitunguu mpaka vikaisha, mabega yamenifika masikioni.