Majvor analifuata jua la Novemba

Saa moja kasorobo asubuhi. Majvor Näslund amepiga magoti sakafuni, mguu wa mzee wa watu umelala pajani mwake, naye anavuta soksi. Ni zile za kubana, za kuzuia miguu isivimbe, na kuipandisha moja mpaka gotini ni kazi ya kumtoa mtu jasho hata kukiwa na theluji nje.

"Vuta, mwanangu, vuta," anasema Evert, mwenye mguu wake na miaka yake tisini na moja. "Huko kisiwani utavuta nini?"

"Nitavuta hewa."

"Wanakula nini huko?"

"Samaki."

"Samaki si hata hapa tunao?"

"Wa hapa wako chini ya barafu, Evert. Wa huko unawafuata na kandambili."

Evert anacheka mpaka soksi inateleza, na kazi inaanza upya.

Majvor ana miaka hamsini na minane. Ni mhudumu wa wazee majumbani katika vijiji vinavyozunguka Lycksele, kaskazini mwa Sweden. Funguo za nyumba za watu zinaning'inia kiunoni mwake, na gari la halmashauri analiendesha tangu lilipokuwa na rangi. Kabla ya kodi, mshahara wake ni kama krona elfu ishirini na saba kwa mwezi. Nauli ya safari hii imetokana na zamu za Jumapili za miaka miwili.

Anakwenda Santa Maria, mji wa ufukweni katika kisiwa cha Sal, Cape Verde. Anakwenda wiki ya tatu ya Novemba, wakati ambao hapa kwao jua hutoka watu wakiwa wameshaingia kazini na kuzama kabla hawajatoka.

Wenzake kazini walimtania kwamba amekuwa tajiri. Yeye haoni utajiri wowote hapo. Novemba iliyopita alisimamisha gari mbele ya nyumba ya bibi mmoja anayemhudumia, akazima injini, na mkono ukakataa kufungua mlango.

"Sikulia. Ningelia ningeshukuru," anasema. "Nilikaa tu, nimeshika usukani, mpaka bibi mwenyewe akatoka na mkongojo wake kunigongea kioo. Siku hiyo yeye ndiye aliyeniandalia kahawa. Mgonjwa nilikuwa mimi."

Daktari alimwambia ni giza. Dawa ni jua, au taa maalumu ya kukaa mbele yake kila asubuhi. Taa alinunua.

"Ni kama kuolewa na friji," anasema Majvor. "Ukilifungua linawaka, lakini joto hakuna."

Basi Januari akabandika picha ya Santa Maria kwenye mlango wa choo, mahali ambapo mumewe Rune asingeweza kusema hakuiona. Walioana miaka ishirini na saba iliyopita na hawajawahi kupanda ndege pamoja. Rune ni fundi wa mashine katika kiwanda cha mbao, na siku zake nyingi za likizo huishia Septemba, msituni, kwenye uwindaji wa kulungu wakubwa wa huku, wale wenye pembe kama makoleo. Huku mwanamume anaweza kukosa ubatizo wa mwanawe akasamehewa. Uwindaji wa kulungu hakosi.

Majvor alipiga hesabu zake. Kila kikundi cha wawindaji hupewa idadi yake ya kulungu, na kikundi cha kina Rune humaliza idadi hiyo kabla ya Oktoba kwisha. Novemba mume anakuwa huru. Rune akakubali, tiketi mbili zikakatwa na kulipiwa.

Hesabu hiyo ilivurugwa na mvua. Vuli ya mwaka huu ilikuwa ya joto, kulungu wakajichimbia kwenye vinamasi, na Oktoba ikaisha kikundi kikiwa bado kinadaiwa ndama wawili wa kulungu kutimiza idadi yake. Wakaamua kusubiri theluji ikolee wasome nyayo. Wiki waliyoichagua ikawa ileile ya tatu ya Novemba. Na mbwa pekee aliyebaki kikundini anayeweza kumsimamisha kulungu kwa kubweka mpaka wawindaji wafike ni Tussa wa Rune, ambaye hamsikilizi mtu mwingine.

"Hata mimi ninayemlisha hanisikilizi," anasema Majvor.

Jumapili iliyopita kiongozi wa kikundi, Torvald, alibisha hodi jikoni kwao. Akavua kofia, akamiminiwa kahawa, akadumbukiza humo vipande vyake vya jibini, kama inavyonywewa huku. Akazungumzia hali ya hewa. Akazungumzia matairi ya msimu wa baridi. Akayarudia matairi.

"Sema, Torvald, matairi yameisha," Majvor akamwambia.

"We Majvor, si unayajua mambo ya kikundi?"

"Siyajui. Nieleze."

"Bila Tussa sisi ni wanaume wanane tunaotembea tu msituni."

"Tembeeni. Tena wewe, na kitambi hicho, utanishukuru."

"Kisiwa hakihami, bibi wee. Mwakani kitakuwepo."

Majvor akamgeukia mumewe, ambaye muda wote alikuwa anakoroga kahawa asiyoitia kitu.

"Rune, sikuulizi habari za mbwa. Unakuja, huji?"

Watu wa sehemu hizi hawana haja ya kusema ndiyo. Huvuta pumzi kwa ndani, fyuu, kama mtu anayenyonya uzi wa tambi, na jambo limekwisha. Ndoa zimefungwa kwa pumzi hiyo, na mashamba yameuzwa. Majvor akaisubiri. Kijiko kikazunguka kikombeni, kikazunguka tena. Mwishowe Rune akapumua, ila aliitoa nje, akapuliza kahawa ipoe.

"Nikajua," anasema Majvor.

Hakupiga kelele. Alimwongezea Torvald kahawa, maana mgeni ni mgeni, kisha akachukua simu na kumpigia Barbro, mke wa Torvald, ambaye kwa miaka nenda rudi ndiye anayepika kwenye kibanda cha wawindaji.

"Barbro, pasipoti unayo?"

"Ninayo. Ya nini?"

"Torvald yuko hapa kwangu, ananichukulia mume wiki nzima. Nimeona na mimi nimchukulie mke."

Halafu ndani ya simu, wote watatu pale jikoni wakiisikia waziwazi: fyuu.

Torvald akaweka kikombe chini. "Sasa supu atatupikia nani?"

"Sufuria nayo haihami, Torvald. Muulize mkeo anaiweka kabati gani."

Jina kwenye tiketi ya pili limeshabadilishwa. Barbro ameagiza nguo ya kuogelea kwa posta, kwa kuwa maduka ya Lycksele mwezi huu yanauza buti tu, na anabishana na Majvor kuhusu pakiti ngapi za mkate mkavu wabebe, asije akafa njaa kisiwani.

Rune hajakana lolote. Siku hizi anaosha vikombe bila kuambiwa. "Nilidhani ataahirisha," anasema, macho yakiwa kwa mbwa aliyelala karibu na jiko. "Tussa ana miaka tisa. Miguu ya nyuma imeanza kumsumbua. Nilitaka vuli moja zaidi naye."

"Na mimi nina hamsini na minane!" sauti ya Majvor inatokea chumba cha pili, anakopanga sanduku.

Rune anamkuna mbwa sikio.

Majvor anasema mipango yake huko Santa Maria ni midogo. Atakaa kwenye kiti mchangani saa ile ambayo kwa kawaida huwa amepiga magoti na soksi mkononi, na hatafanya lolote. Novemba ijayo anataka aweze kufungua mlango wa gari bila kugongewa kioo. Barbro anataka kuona kasa. Watakubaliana.

Siku ya kurudi, Rune atampokea uwanja wa ndege wa Umeå.

"Nimemwagiza aje na koti langu zito," anasema Majvor, akifunga zipu ya sanduku. "Na asiniulize kama nilimkumbuka mpaka tufike nyumbani, nivue viatu, ninywe kahawa. Akiniuliza mle garini, narudi na ndege ileile."