Anayerekodi Mikono

Jirani yangu hapa Mwatate ni msanii wa video, na kazi yake ni kurekodi mikono tu: mikono ikichambua mboga, ikifua, ikisokota katani. Nyuso hataki. "Uso unajua kuigiza," aliniambia siku moja, nami nikaona ni maringo tu. Kabla ya kurekodi hufuta lenzi kwa pindo la shati, kisha hubana pumzi kama mtu anayepita karibu na mzinga wa nyuki. Akimaliza huiambia mikono asante, si mwenye mikono.

Jumatatu, nikiwa kwake, alikuja mwanamke aitwaye Mkamburi kutoka Chawia. Mamake walimzika mwezi uliopita, na picha pekee waliyo nayo ni ile ya kitambulisho, imefifia. "Nimesikia ulimrekodi mama," alisema. "Nataka tu nimwone uso." Jirani yangu akafungua kompyuta polepole. "Uso wake sina, dada. Nisamehe." Hata kichwa hakuinua.

Kwenye skrini, viganja vya marehemu vilisokota katani juu ya paja, vikisukuma, vikirudi. Mkamburi alivitazama. Baadaye nikaona kiganja chake kimeanza kusugua paja lake mwenyewe kwa mwendo uleule, kikisukuma, kikirudi, na katani haipo. Mkono wa jirani yangu ulikimbilia kamera, ukaishika. Kisha akaifunika lenzi, akaketi kando ya Mkamburi, na video ilipoisha akairudisha mwanzo.