Makoti Juu ya Seva

Vidole vya Dolphine vilikuwa vyeusi kwenye ncha, na sabuni ilishashindwa navyo. Ni utomvu wa chai. Alichuma miaka kumi na moja, akasimama kwa mizani miaka sita akipimia wakulima majani, halafu, akiwa na arobaini na mmoja, akaenda kujifunza kompyuta katika ukumbi wa kanisa kila Jumamosi. Wasichana wa kidato cha nne walimcheka wakachoka. Yeye hakuchoka. Sasa alikuwa na kiti chake katika ofisi ndogo ya kampuni ya chai huko Kipkelion, kiti chenye mgongo na mto alioushona mwenyewe.

Kiti hicho ndicho Benard alitaka kumnyang'anya.

Benard alikuwa mkubwa wa ofisi kuu, kule kiwandani, mwendo wa saa moja na nusu barabara ikiwa na huruma. Alhamisi mkaguzi wa cheti cha ubora wa chai angefika Kipkelion kukagua faili za wakulima mia nne na kumi na wawili, kila mmoja na picha ya shamba lake na alama ya kidole chake. Dolphine alikuwa amezipiga picha hizo karatasi zote kwa mashine ya kiwandani, miezi minne, akaziweka kwa seva, ile kompyuta kubwa inayotunza kazi ya kila mtu. Zikabaki huko. Kuzibeba kwa flash kulikatazwa tangu mtu fulani alete virusi pamoja na video ya harusi ya shemeji yake. Kwa hivyo ilibidi kuingia kwa seva kutoka mbali, kupitia intaneti, na kuzivuta mpaka Kipkelion.

Mzigo ulikuwa mzito. Ulitaka saa saba, na ukikatika unaanza mwanzo. Seva nayo huzimwa saa kumi na moja jioni. Basi Dolphine alianza Jumatatu saa mbili asubuhi, mstari wa kijani ukatambaa kama konokono, na ilipofika saa nane na nusu, asilimia tisini na moja, ukakatika. Jumanne hivyo hivyo, asilimia themanini na tisa.

Akampigia Kipruto, fundi wa kompyuta wa kiwanda, mwanaume mzima mwenye ndevu na watoto watatu.

"Mama Phelix, hiyo ni network ya huko kwenu," Kipruto akasema.

"Network yangu iko sawa. Nimefungua na mahubiri hapa, hayakatiki."

"Basi ni mvua."

"Mvua gani? Hapa kuna jua, nguo zimekauka."

Kipruto akakohoa. Halafu Benard akachukua simu kutoka mkononi mwake.

"Madam, hii kazi si ya kila mtu. Nilisema tangu mwanzo, mtu wa darasa la nane tumpatie mizani. Alhamisi mkaguzi akikosa hizo faili, Ijumaa rudi kupima majani."

Dolphine aliweka simu chini polepole, akaifuta kwa kanga yake, kana kwamba imetemewa mate.

Usiku huo hakuwaza maneno ya Benard, aliiwaza ile mvua. Kipkelion kulikuwa kukavu siku zote mbili. Kiwandani ndiko hunyesha kila siku saa nane, hata saa ya ukutani unaweza kuirekebisha nayo. Sasa mvua ya kule inaingiaje ndani ya chumba chenye paa na mlango wa chuma?

Jumatano saa mbili alianzisha kazi, akamwachia mwenzake Nelvine kompyuta. "Usiguse kitu. Niambie tu namba." Akavaa gambuti, akapanda gari la maziwa lililokuwa likielekea huko.

Alifika saa saba unusu, akaketi kwa benchi ya koridoni, mbele ya mlango wa chumba cha seva, mkoba magotini. Hakuna aliyemuuliza. Mwanamke wa shamba akikaa kwa benchi huonekana kama anangoja barua.

Saa nane mvua ikamwagika. Na hapo wakaanza kuingia. Karani wa ghala, koti linachuruzika. Mwanamke wa stoo na aproni yake ya plastiki. Madereva wawili. Kila mmoja akafungua ule mlango bila kubisha, akaingia na nguo mbichi, akatoka bila kitu. Wa mwisho alikuwa Benard, na koti zito la kijani, akipiga mluzi.

Dolphine akainuka akaingia.

Harufu ilimpiga kwanza. Chumba kilikuwa na joto zuri, ndicho chumba pekee chenye joto katika jengo lile lote la baridi, na wasomi wale walikuwa wamekigeuza kamba ya nguo. Seva ilifunikwa juu na pembeni, huwezi kuona hata taa. Kwa matundu ya mbele, pale inapovutia hewa, mtu alikuwa amening'iniza soksi. Soksi! Za kahawia, zenye tundu la kidole gumba. Juu ya zote lilikuwa limelala koti la kijani. Chini ya nguo hizo mashine ilikuwa ikilia kama ng'ombe aliyefungiwa bila maji, joto limeipanda, karibu ijizime.

Kipruto alikuwa kwa pembe, ameketi, anaitazama.

"Kumbe unajua," Dolphine akasema.

"Mama Phelix, mimi ningefanya nini? Ni koti ya bosi."

"Siku mbili unaniambia network."

"Nani atamwambia bosi atoe koti yake?"

"Na ndevu zote hizo." Dolphine alimtazama jinsi mtu hutazama kitu alichokanyaga. "Ondoka kwa njia."

Soksi alizishika kwa ncha za vidole viwili, uso pembeni. Makoti akayabeba yote kwa kwapa, akatoka nayo mvuani, akayatundika moja moja juu ya seng'enge ya ua, la kijani mwanzoni. Akarudi, akafunga mlango kwa ndani, akapiga simu.

"Nelvine, iko ngapi?"

"Themanini na nane. Imesimama… ngoja. Imesonga. Themanini na tisa!"

Mlio wa seva ukapungua. Saa tisa kasoro mlango ukagongwa.

"Nani yuko ndani? Nataka koti langu, nina mkutano mjini!"

"Liko nje, bosi. Kwa seng'enge."

"Nje? Kwa mvua? Wewe ni nani?"

"Wa mizani."

Halafu zikasikika hatua zikikimbia, na matusi yakipungua kuelekea ua.

Saa tisa na dakika sita Nelvine alipiga kelele kwa simu mpaka Kipruto akasikia. Mia moja. Faili mia nne na kumi na mbili. Dolphine alimwambia ahesabu tena, akahesabu tena.

Mkaguzi alikuja Alhamisi, akafungua faili moja baada ya nyingine, akaomba chai, akaondoka ameridhika. Ijumaa hakuna aliyetaja mizani.

Lakini Jumatatu ilifika barua kutoka ofisi kuu, imesainiwa na Benard, ibandikwe ukutani: wafanyakazi wa mashambani wanaonywa kutoingiza nguo mbichi katika chumba cha seva.

Nelvine aliisoma, akamtazama. "Mama, nibandike?"

"Bandika," Dolphine akasema, akavuta kiti chake chenye mto. "Kule chooni."