Albamu ya Chiriku na Sikio la Fundi Waya

Sikio la kulia la Fundi Waya lilikufa Jumanne asubuhi akiwa anapiga mswaki. Hakukuwa na maumivu wala kishindo. Lilipiga mluzi, mluzi ukafifia, kisha upande ule wote ukawa kimya. Daktari alimmulika kwa kitochi, akampima kwa mashine, akasema mshipa umekufa na haurudi. Fundi akajibu, "Haya, asante daktari," akachukua kofia akaenda zake. Ukimwuliza alijisikiaje, atakwambia hakujisikia kitu. Namwamini, maana huyu mtu hajui kudanganya, isipokuwa kwa hili moja ninalokusimulia.

Miaka thelathini alifunga spika kwenye harusi, misiba na mikutano ya wanasiasa, mpaka akapata mashine zake mwenyewe na kuigeuza stoo ya uani kuwa studio. Magodoro ya zamani ukutani, blanketi mlangoni, na feni ambayo ni marufuku kuiwasha wakati wa kurekodi, hata mtu ayeyuke. Binti yake aliitwa Chiriku tangu utotoni, kwa sababu ya mdomo usiotulia. Sasa Chiriku alikuwa mwimbaji wa bendi ya roki ya watu wanne, isiyo na kampuni wala tajiri nyuma yake, iliyopiga kwenye kumbi nusu tupu kwa miaka minane. Albamu yao ya kwanza baba alikuwa ameahidi kuirekodi na kuichanganya kwa mkono wake. Walikuwa waanze Jumatatu.

Mkewe ndiye aliyegundua. Alimkuta amejinyoosha kwenye kochi mchana, amelalia sikio la kushoto, akamwita mara nne bila jibu.

"We baba Chiriku, umetia pamba masikioni?"

Alipoelezwa, alikaa chini taratibu. "Mwambie mtoto," akasema.

"Nikimaliza albamu."

"Utaimalizaje? Kwa pua?"

"Nina taa za mashine za kupima sauti, mama. Nina mazoea."

Mazoea! Jamani, wanaume. Kuchanganya muziki ni kupanga kila sauti mahali pake, gitaa huku, besi kule, mwimbaji katikati, na masikio mawili ndiyo yanayoamua kama vimekaa pamoja au vinagombana. Mwenye sikio moja anaweza kusikiliza kila upande peke yake, lakini pamoja anakisia. Fundi alilijua hilo kuliko daktari. Alijua pia kwamba akikosea, miaka minane ya mwanawe inaharibika mikononi mwake. Na akishindwa, basi yeye si fundi tena, na kazi nyingine hajui. Akapiga moyo konde akanyamaza.

Walirekodi wiki tatu. Alikisogeza kiti mpaka bega la kulia likagusa ukuta, ili kila mtu amsemeshe kushoto. "Rudia, dramu imekimbia," alisema, na kweli dramu ilikuwa imekimbia. Mpiga gitaa, kijana mrefu na mpole, alipomsemesha kutoka nyuma, Fundi alitabasamu tu na kuendelea na kazi. Wakamaliza, wakaondoka, akajifungia peke yake. Alivaa hedifoni sawasawa, akasikiliza kushoto. Kisha akazigeuza, ya kulia ikaja kwenye sikio zima, akasikiliza kulia. Kila upande ulikuwa safi. Mengine akakisia.

Siku aliyomkabidhi Chiriku kazi, binti alisikiliza wimbo mmoja na nusu, akamshika mkono. "Asante, baba. Imetulia." Fundi hakuona furaha wala hofu. Alikuwa kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, anayejigusa shavu na kulikuta si lake. Alikula, aliamkia majirani, alitengeneza redio ya shemeji yake. Mkewe akajifanya haoni, ingawa macho yake yalimfuata kila alikokwenda.

Albamu ilitoka Jumamosi, mtandaoni na kwenye diski. Simu za nyumba nzima zilikuwa zinalia kwa pongezi. Fundi akachukua diski moja, akasoma nyuma ya jalada: imechanganywa na Fundi Waya. Akaenda studio, akavaa hedifoni.

Katika wimbo wa kwanza hakufika hata kwenye kiitikio. Akazigeuza, akarudia. Gitaa alilolipandisha lilikuwa limeshushwa. Besi imehamishwa. Sauti ya binti yake ilikuwa na mwangwi mdogo ambao yeye hakuuweka. Kazi yako unaijua, hata ukiamshwa usingizini.

"Chiriku!" aliita. Binti akaja akiwa na simu mkononi. "Nani kafanya hii?"

"Kafanya nini, baba?"

"Usinifanye mtoto, mwanangu."

Chiriku akaketi kushoto kwake, ingawa kiti kilikuwa kimesharudishwa katikati na kulia palikuwa wazi. Upande wa sikio zima. Ndipo Fundi alipoelewa kwamba anajua.

"Tulijua wiki ya kwanza," akasema. "Nilikuamkia kulia mara tatu. Mpiga gitaa akaichanganya upya kwao, siku tisa. Jina lako tukaliacha pale pale jaladani. Nisamehe, baba. Niliona aibu kukwambia."

Fundi alingoja hasira ije. Haikuja. "Ile yangu ilikuwa imeharibika?"

Chiriku akaigeuza simu kifudifudi mapajani.

"Sema tu."

"Gitaa lilinifunika, baba. Sikusikika."

"Basi humu hakuna changu."

"Wimbo wa sita hatukuugusa."

"Mmenihurumia?"

"La! Hauna gitaa wala dramu, ni mimi peke yangu katikati. Mpiga gitaa alijaribu mara mbili, akausumbua tu, akaurudisha kama ulivyouacha."

Fundi akaweka wimbo wa sita. Sauti ilikuja kavu, karibu, haina kulia wala kushoto, nzima ndani ya sikio moja. Aliusikiliza mpaka mwisho bila kugeuza chochote. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumanne kitu kikamuuma, kikamuuma sana, akainama akalia mbele ya mwanawe kama mtoto.

"Baba, nizime?"

"Acha," akasema. "Rudisha mwanzo."