Alama za Bilauri

Majira yale ya baridi nyumba yetu ya Aston, Birmingham, ilinuka mafuta ya nazi. Mama alinipaka asubuhi, akanipaka jioni, na bado ukurutu ulinila viwiko na nyuma ya magoti mpaka shuka zikawa na madoa ya damu. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, nina miaka tisa, na hatukuwa tumemaliza hata mwaka tangu tutoke Unguja. Juu ya kuwashwa nikashikwa na kifua. Jirani yetu Bi Salma, Mzanzibari mwenzetu, akaja na bilauri zake, akatuumika mimi na mama siku moja: anawasha kipande cha karatasi ndani ya bilauri, anaipachika mgongoni, nayo inaivuta nyama juu. Haiumi sana. Kifua kikalainika, tukabaki na alama za duara zenye rangi ya zambarau. Wiki hiyohiyo tulikuwa na miadi ya daktari wa ngozi, na hakuna aliyeikumbuka ngozi yenyewe.

Mama alizikumbuka zile alama tukiwa ndani ya basi. Nilimwona uso unambadilika. Sisi wageni wa Birmingham tulikuwa na hadithi moja iliyosimuliwa kila arusi na kila hitima: huku serikali huwachukua watoto ikidhani wazazi wanawapiga. Mwana wa fulani alionekana ana alama, akachukuliwa mpaka leo. Huyo fulani hakuna aliyemjua, lakini sote tulimwamini. Mama akaniinamia sikioni. "Wakikuuliza, sema umeanguka." Nimeanguka! Mtu aanguke apate duara zilizopangika mgongoni kama vitumbua? Hata mimi mtoto niliona uongo huo hausimami.

Daktari alikuwa mwanamume mwenye sauti ya pole. Akanitazama viwiko, akaandika, akanitaka nigeuke. Akaziona alama. Kisha akamwomba mama atoke kidogo. Mama hakuwa na Kiingereza cha kubishana. Alitoka, mlango ukafungwa. Muuguzi akachuchumaa mbele yangu, akaniuliza ni nani aliyenifanya vile. Watu wakisikia kisa hiki huniuliza niliogopa kiasi gani. Sikuogopa. Nilikufa ganzi mwili mzima, hata kuwashwa kukakoma. Niliangalia boksi la glavu ukutani, nikasema kwa Kiingereza changu cha shule kwamba ni bilauri, na moto. Moto! Katika maneno yote, hilo ndilo lililonitoka. Daktari akanyanyua simu, akaiweka chini, akasema mama aitwe kwanza.

Mama akaingia, akaona nyuso zao. "Umewaambiaje?" Nikamjibu, "Nimesema bilauri." Hakunigombeza. Mama yangu huyu, ambaye hata fundi wa boila ya maji moto alimfungulia mlango akiwa amejitanda gubigubi, akavua buibui, akavua mtandio, akawapa mgongo, akapandisha blauzi mpaka mabegani mbele ya mwanamume wa watu. Alama zake zilikuwa palepale zilipokuwa zangu, ila kubwa zaidi. "Waambie ni dawa," akasema akiwa ameelekea ukutani. "Nimefanyiwa mimi kwanza. Waambie wasinichukulie mwanangu." Nikatafsiri neno kwa neno, kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya vituo vya basi. Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Hawakusema kama aliyekwisha kuzaa naye atafunua tena. Daktari akauliza maswali mengine mengi, akaridhika, akaniandikia krimu. Tulirudi nyumbani pamoja. Mama hakulia kwenye basi, wala mimi.

Ukurutu ulipona, na mimi sasa ni mama wa mtu. Siku hizi mtaani Balsall Heath kuna duka la kuumika, limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye kioo, na vijana wa Kiingereza wanapanga foleni, kisha wanapigana picha za migongo na kuzitangaza kwenye simu. Juzi nilimwonyesha mama picha moja, nikidhani tutacheka. Aliitazama kwa muda, akanirudishia simu yangu.

"Hao walivua kwa kupenda," akasema.