Nyanya katika Zizi la Shimba

Mimi sikumpenda Shimba, na sitajifanya leo kwamba nilimpenda. Ng'ombe wake waliingia kwenye mahindi yangu mara tatu msimu mmoja. Mara ya tatu nilisimama mpakani nikapaza sauti mbele ya watu: Mungu awafyeke wote, asibakishe hata ndama. Mwaka uliofuata ukaja ukame. Wengi wetu hapa Mvumi tulikosa mahindi, lakini Shimba alipoteza ng'ombe sitini na wawili. Hakubaki hata ndama.

Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu niliona umeponza vichwa vya wengine, na sikumwambia mtu.

Baada ya hapo Shimba alikaa. Alikaa tu, kwenye kigoda nje ya zizi tupu, tangu asubuhi hadi jua kuzama. Kula hali, salamu haitikii. Watoto wanampa shikamoo, anawatazama tu, mtu mzima mwenye akili zake. Alizoea ugali na maziwa mgando, na maziwa hayakuwepo tena. Kule zahanati muuguzi alimpima akaona amepungukiwa damu, akamwambia ale mboga za majani kila siku. Akarudi amenuna. Eti majani ni chakula cha ng'ombe, sasa ng'ombe wamekufa wanataka yeye ashike zamu yao.

Mkewe Getrude, ambaye sisi tunamwita Mama Malimi, si mtu wa maneno mengi. Alichukua jembe akaingia zizini akapanda mchicha, mnafu na nyanya. Siku hiyo mwanamume aliinuka kwenye kigoda. Alisema kulima zizi ni kumwambia Mungu kwamba ng'ombe hawatarudi. Mkewe akaendelea kupanda. Miche ikachipua, ikageuka njano, ikaungua yote. Shimba akacheka kicheko kibaya.

"Hata mavi ya ng'ombe wangu yamekataa," akasema.

Siku mbili baadaye Mama Malimi alikuja kwangu kabla sijakoka moto. Kamba haipo. Ile kamba nene ya katani, ya kumfungia dume kubwa, ilikuwa imetundikwa langoni mwa zizi miezi yote, na asubuhi hiyo msumari ulikuwa mtupu. Amemuuliza mumewe, amesema hajaiona. Tulipekua uvunguni, ghalani, chini ya magunia, kila mahali. Hatukuiona.

Alinishika mkono. "Mama Yusrah, sitaki kuwa mjane."

Tulimpigia simu mwanawe Malimi, anayefanya kazi nyumba ya wageni kule Mikumi. Alikuja, akakaa na baba yake siku mbili, akamrudisha kwa muuguzi wakazungumza naye sana. Alipoondoka tulikubaliana Shimba asiachwe peke yake. Mkewe akitoka, mimi niko pale.

Sasa mimi kukaa bure siwezi. Nililitazama lile zizi nikaona kosa. Wafugaji wale hawakujua kwamba samadi tupu inaunguza. Sharti uichanganye na udongo wa nje, uimwagie maji, uiache ipoe. Nikaenda kusimama mbele ya kigoda. Nikamwambia mgongo unaniuma na mkewe amechoka. Kama ni mgonjwa aseme nimletee uji, kama si mgonjwa ashike toroli. Tangu ng'ombe wafe kila mtu alikuwa akimwonea huruma, hakuna aliyemsemesha hivyo. Alinitazama mpaka nikaogopa. Kisha akashika toroli.

Alibeba udongo siku hiyo. Kesho yake akabeba tena. Tulipanda upya, yeye akawa wa kumwagilia. Mchicha ulipokomaa Mama Malimi aliupika kwa karanga, naye akaula kwa uso wa mtu anayemeza dawa. Siku ya tatu aliomba nyongeza. Rangi ikaanza kumrudi, akaanza hata kufukuza kuku. Wengine wakasema amepona. Mimi roho haikutulia, kwa sababu kamba ilikuwa bado haijaonekana.

Nyanya zilipoanza kuzaa ikanyesha mvua kubwa usiku kucha. Asubuhi Mama Malimi alikwenda msibani Magole, akaniachia zamu. Nilirudi kwangu mara moja tu kugeuza maharage jikoni. Nilipotoka, kigoda kilikuwa kitupu.

Nyumbani hayupo. Chooni hayupo. Lango la zizi, ambalo siku zote huwa wazi, limefungwa kwa ndani. Nikaita, kimya. Jamani, nilikimbia, mimi ambaye hata mvua hainikimbizi. Nikapita katikati ya uzio wa miiba, kanga ikabaki huko, mkono ukachanika.

Shimba alikuwa amepiga magoti kwenye matope, kamba iko mapajani, kisu mkononi. Akautazama mkono wangu unaovuja damu.

"Lango nimelifunga mbuzi wasiingie," akasema. "Mvua imezilaza nyanya."

Ndipo nikaona. Alikuwa ameikata kamba kipande na kukifumua nyuzi nyuzi, na mstari mzima wa nyanya ulikuwa umesimama, kila shina limefungwa kwenye kijiti chake. Nikakaa palepale kwenye tope nikalia kwa sauti.

Nilipoweza kusema nikamwambia, "Baba Malimi, mimi niliwaapiza ng'ombe wako."

"Najua. Nilikuwepo." Akamaliza kukaza fundo. "Waliuawa na jua."

Halafu, bila kuniangalia, akaniambia kwamba kamba ile alikuwa ameifukia pale pale zizini, na kila siku alijiambia kesho. Lakini kesho ikifika anakuta miche inataka maji, basi anaahirisha amwagilie kwanza. Asubuhi hiyo alikuwa ameifukua. Akainua macho, akaziona nyanya zimelala.

Alinipa ncha moja. "Shika, vuta kwako. Bado mistari miwili."

Nikaishika kwa mikono miwili. Tuliifumua yote, mpaka hakikubaki kipande cha kufungia hata mbuzi.