Meli ya Mfalme na Historia ya Binti Yangu

Kwetu mtu hazikwi kimyakimya. Kabla jeneza halijatoka kanisani, ndugu mmoja husimama akasoma historia ya marehemu: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi gani, ameacha nani. Hata huku Stockholm tunasoma. Kuna mlevi mmoja hapa mtaani kwetu, Jakobsberg, alisomewa ukurasa mzima wa sifa, na sote tukaitika amina kana kwamba hatukumjua.

Basi binti yangu alipofariki kabla hajamaliza hata wiki duniani, niliuliza pale sebuleni, mbele ya watu wa kanisa, nani atasoma historia yake. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye aliyekuwa akisimamia mazishi. Akaniwekea mkono gotini.

"Jamani wifi, mtoto mchanga ana historia gani? Tuimbe, tuombe, tumpumzishe."

Nilikuwa na mshono, maziwa yananivuja, nguvu za kubishana sina. Tukaimba, tukaomba, tukamzika. Jeneza mume wangu alilibeba peke yake. Tangu siku hiyo wifi sikumpa zaidi ya salamu.

Kiangazi mama mkwe akaja kutoka Iringa kutupa pole. Mgeni akija huku lazima apelekwe makumbusho kuona ile meli ya kivita ya mfalme, ya mbao, ya zamani za matanga. Wifi akang'ang'ania twende wote. Mimi sikutaka, lakini Kiswidi cha makumbusho ni mimi ninayekiweza, nikawa mkalimani.

Binti aliyetuongoza alisema weee! Miti ya mialoni iliyokatwa, mafundi, simba wa kuchongwa, mizinga mingi kuliko ilivyofaa. Nikatafsiri mpaka mate yakanikauka. Mama mkwe akauliza:

"Sasa mwanangu, hii ilipigana na nani?"

"Hakuna, mama. Ilizama siku ileile ilipotoka, hapa hapa mjini, watu wanaitazama. Ikakaa chini ya maji miaka mia tatu na zaidi, ndipo wakaiopoa."

"Haikufika popote?"

"Haikufika."

"Na historia yake ndiyo ndefu hivi? Na nyumba yote hii wameijengea?"

Hapo nikashindwa kujizuia. Machozi yalikuwa yananitoka, lakini sauti ilitoka pia, kubwa, kama ya msomaji kanisani.

Nikasema: marehemu alizaliwa hapa Stockholm, asubuhi, theluji ikianguka. Alikuwa na nywele nyingi na kidevu cha baba yake. Alilia kwa hasira, kama mama yake. Hakubahatika kusoma, hakuajiriwa, hakuolewa. Kazi yake ilikuwa kunishika kidole, na aliifanya vizuri mpaka alipochoka. Ameacha baba, mama na bibi.

Wifi nilimruka makusudi, ndiyo, na nilitaka ajue nimemruka. Mama mkwe alikuwa amejifunika uso kwa khanga. Watalii walitutazama, wakapita.

"Na shangazi," wifi akasema nyuma yangu. Nilipogeuka nilimkuta amekaa chini sakafuni, analia. "Niongeze na mimi, wifi. Nakuomba. Ameacha na shangazi."

Nikakaa pale chini karibu naye, nikaanza tena toka alipozaliwa.